Ujumbe wa Sauti Hauulizwi Swali: Kifaa cha Kuigiza Laini ya Simu katika Mafunzo ya Wahudumu wa Afya Pemba

Na ichukuliwe kwa mfano hali ambayo mhudumu yeyote wa zamu ataitambua. Mkunga wa kituo kidogo cha afya kaskazini mwa Pemba amemzalisha mama salama, lakini nusu saa imepita na damu haijakatika. Anapiga simu hospitali. Simu inaita na haipokelewi, kwa kuwa muuguzi wa zamu yuko wodini na mikono yake imeshikwa na mgonjwa mwingine. Hatimaye inajibu sauti iliyorekodiwa: acha ujumbe wako baada ya mlio. Mkunga ana dakika moja. Atasema nini kwanza? Na je, atakayeusikiliza ujumbe huo ataweza kuutumia bila ya kumuuliza chochote?

Mtu akizungumza na mwenzake, kosa la usemi husahihishwa papo hapo. Msikilizaji husema "nini?", "wapi?", "umesema ngapi?", na msemaji hurudia. Ujumbe wa sauti hauna nafasi hiyo. Kilichosahauliwa kimesahauliwa, na kilichosikika vibaya kitabaki hivyo hata kikichezwa mara kumi. Kwa sababu hiyo kuacha ujumbe wa tiba ni ujuzi, sawa na kufunga kidonda au kuweka mrija wa maji mwilini, na kama ujuzi wowote ule hupatikana kwa mazoezi. Tatizo ni mahali pa kufanyia mazoezi hayo. Simu halisi ya dharura haiwezi kushikwa na wanafunzi huku mgonjwa wa kweli akiitafuta laini. Kifaa cha kuigiza laini ya simu kinampa mwanafunzi simu inayoita, inayojibu na inayopokea ujumbe, bila ya kugusa mtandao wowote wa nje.

Simu na afya Zanzibar

Wazo la kuitumia simu kama chombo cha tiba si geni Visiwani. Mwaka 2008 mpango wa kudhibiti malaria wa Zanzibar ulianza mfumo wa tahadhari ya mapema, ambapo wahudumu wa vituo vya afya hutuma kila wiki idadi ya wagonjwa wa malaria kwa simu ya mkononi, ili ongezeko lionekane kabla halijawa mlipuko.

Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika Zanzibar utafiti uliojulikana kwa jina la "Wired Mothers", ulioongozwa na Stine Lund. Ulihusisha vituo 24 vya afya ya msingi na wajawazito 2,550. Wajawazito wa kundi moja walipelekewa ujumbe mfupi wa maandishi na kupewa vocha ya kumpigia mhudumu. Katika kundi hilo, asilimia 60 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, ilhali katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 47. Hata hivyo faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wa shamba haikuwafikia kwa kiwango hicho. Hapa pana funzo kwa Pemba, kisiwa chenye zaidi ya watu laki tano, wengi wao wakiishi shamba na baadhi katika visiwa vidogo kama Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza: simu peke yake haitoshi. Lazima upande wa pili awepo mtu aliyefunzwa kuipokea, na kati yao uwepo utaratibu.

Wataalamu wa afya ya uzazi hutumia mgawanyo uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994, unaotaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Simu hugusa zote tatu. Ujumbe ulioachwa vizuri huiwezesha hospitali kutoa gari, kuandaa damu na kumwita daktari kabla mgonjwa hajavuka Chake Chake kuelekea Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Ujumbe ulioachwa vibaya huongeza ucheleweshaji wa aina ya nne, ambao haumo katika orodha hiyo: kuchelewa kuelewana.

Kifaa chenyewe

Simu ya mezani ya waya haina nguvu yake yenyewe. Hulishwa umeme na mtambo wa kampuni ya simu, kwa kawaida volti 48 za mkondo mnyoofu. Mkono wa simu ukiinuliwa, mzunguko hufungika, umeme hupita, na mtambo hujua kwamba kuna mtu anataka kupiga. Ndipo unapomletea ule mlio wa mfululizo unaomwambia kuwa laini iko tayari. Kengele ya simu inapolia, mtambo hupeleka umeme wa mkondo geu wa takriban volti 75 hadi 90, unaobadilika mara 20 hadi 25 kwa sekunde. Na kila kitufe kinapobonyezwa, simu hutoa sauti mbili kwa pamoja. Kitufe cha 5, kwa mfano, hutoa sauti ya hezi 770 na ya hezi 1,336, na mtambo huzitambua.

Kifaa cha kuigiza laini ni mtambo mdogo unaofanya hayo yote mezani. Umbo lake rahisi kabisa ni simu mbili za waya, betri ya volti 9 na rezista moja ya omu 300 hivi, zikiunganishwa kwa mfululizo katika mzunguko mmoja. Watu wawili watasikilizana vizuri, ingawa simu hazitalia wala hakutakuwa na ujumbe wa sauti. Kifaa hicho chafaa kwa zoezi la kwanza tu, la kusema na kusikia.

Kwa mafunzo kamili kunahitajika vitu vinne: kompyuta ndogo, programu ya kuendeshea simu, adapta yenye matundu mawili ya simu za waya, na simu mbili za mezani. Programu inayotumika sana ni Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer. Hupatikana bure na huendeshwa hata na kompyuta iliyo ndogo kuliko kitabu cha mfukoni. Adapta ndiyo inayotoa umeme wa laini na wa kengele. Vyote huunganishwa kwa waya na ruta ndogo, na hakuna haja ya intaneti wala salio. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo ni busara kuweka betri ya akiba, kwa kuwa kukatika kwa umeme nako ni sehemu ya somo.

Tahadhari mbili hazina budi kuzingatiwa. Kwanza, kifaa hiki kisiunganishwe kamwe na laini halisi ya simu, kwa sababu umeme wa mitambo miwili ukikutana huharibu vyombo. Pili, waya zisishikwe zikiwa wazi wakati simu inaita. Umeme wa kengele hupiga mtu kwa nguvu ya kushtua.

Kuweka utaratibu wa kupokea

Baada ya simu mbili kupewa nambari, tuseme 101 kwa "kituo cha afya" na 102 kwa "hospitali", huja kazi inayohitaji fikra za tabibu zaidi kuliko za fundi: kuamua simu isipopokelewa iende wapi. Ujumbe wa sauti usiwe kimbilio la kwanza. Utaratibu mzuri ni simu ya 102 iite kwa sekunde 20, kisha iite simu ya pili, kama ya chumba cha kuzalishia, na hiyo nayo isipopokelewa ndipo sanduku la ujumbe lifunguke. Yote haya huandikwa katika programu kwa mistari michache, na hubadilishwa kila inapobainika kasoro.

Maelekezo yanayokuja na programu huwa ni ya Kiingereza, hivyo yafaa kurekodiwa upya kwa Kiswahili, kwa sauti tulivu ya mtu anayesema taratibu. Salamu ya kupokelea iwe fupi na imwelekeze mpigaji: "Hii ni hospitali. Hakuna aliye karibu na simu kwa sasa. Baada ya mlio, taja wewe ni nani na uko wapi, nambari yako, hali ya mgonjwa, na unachohitaji. Usikate kabla ya kurudia nambari yako." Salamu ndefu yenye shukrani na maelezo ya saa za kazi humla mpigaji muda wake na kumkatisha tamaa. Wapigaji wengi hukata simu mara wanaposikia mashine, ama kwa kuhofia salio, ama kwa kuona si adabu kuzungumza na kitu kisichojibu.

Mazoezi ya kuacha ujumbe

Somo huanza na jambo dogo: kungoja mlio. Wanafunzi wengi huanza kusema kabla haujalia, na maneno yanayopotea ni yale ya mwanzo, yaani jina na mahali. Wakijisikiliza wenyewe mara moja tu, hawahitaji kuambiwa tena.

La pili ni salamu. Pemba hakuna mazungumzo yanayoanza bila ya salamu, na mkufunzi atakayeikataza atakuwa ameomba jambo lisilowezekana. Lakini salamu kamili, ya kuulizana habari za nyumbani, watoto na kazi, humaliza robo ya dakika hivi hivi. "Assalaam alaykum" moja yatosha, kisha jambo lenyewe.

Baada ya hapo hufuata mpangilio. Utaratibu unaotumika katika hospitali nyingi duniani una sehemu nne: hali ilivyo sasa, historia yake, tathmini ya mhudumu, na anachopendekeza au kuomba. Kwa ujumbe wa sauti sharti iongezwe ya tano, nambari ya kurudishiwa simu, itajwe mwanzo na mwisho. Ujumbe wa mafunzo wenye kukamilika huweza kuwa hivi:

"Hili ni zoezi. Assalaam alaykum. Ni mkunga wa zamu, Kiuyu Minungwini, Wilaya ya Wete. Nambari ya kunirudia ni moja sifuri moja. Mama wa miaka ishirini na sita, mbili sita, amejifungua leo asubuhi saa moja na nusu. Anatoka damu nyingi, nakadiria mililita mia saba, saba sifuri sifuri. Presha ni tisa sifuri kwa sita sifuri. Mapigo ya moyo ni moja mbili nne. Amepewa oksitosini yuniti kumi, moja sifuri, kwenye msuli, mji wa mimba umekandwa, na maji yanaingia mshipani. Naona ni damu ya baada ya kuzaa isiyokatika. Naomba gari sasa hivi, na daktari anipigie. Nambari ni moja sifuri moja."

Maneno "hili ni zoezi" hayaachwi hata siku moja, na wagonjwa wa mazoezi wote ni wa kubuni. Rekodi ya mafunzo isije ikadhaniwa kuwa wito wa kweli, wala siri ya mgonjwa wa kweli isije ikawa kitu cha kusikilizishwa darasani.

Nambari, majina, mahali na saa

Msomaji atakuwa ameona kwamba nambari zimetajwa tarakimu moja moja. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na hezi 3,400 tu. Sehemu kubwa ya nguvu ya herufi kama s, f na th iko juu ya kikomo hicho, hivyo hupotea njiani. Katika Kiswahili athari yake ni kubwa, kwa kuwa nambari zetu zimejaa sauti hizo: sita na saba, sitini na sabini, na hatari kuliko zote, thelathini na themanini. Mapigo ya moyo 30 na mapigo 80 ni mbali kama kaburi na kitanda, lakini sikioni, katika laini yenye kukoroma, hutofautiana kidogo mno. "Tatu sifuri" na "nane sifuri" hazichanganyiki.

Majina nayo yana mitego. Asha na Aisha, Hamad na Hamid, husikika sawa kwenye simu mbovu, na ni majina yaliyojaa katika kila shehia. Jina la mgonjwa lifuatiwe na la baba na la babu, au nambari ya kadi ya kliniki. Kwa mahali, jina moja halitoshi. Anayesema yuko "Kiuyu" anaweza kuwa Kiuyu Mbuyuni, Wilaya ya Micheweni, au Kiuyu Minungwini, Wilaya ya Wete. Dereva aliyepewa jina nusu ataifuata nusu asiyotakiwa. Wilaya itajwe siku zote.

Mtego mkubwa zaidi ni wa wakati. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na Mswahili huhesabu kuanzia macheo na machweo. Mashine ikisema ujumbe uliingia saa 14:00, ndani ya ujumbe huo mkunga atasema saa nane mchana, na vyote viwili ni sahihi. Msikilizaji mwenye haraka akichanganya hesabu hizo mbili atakosea kwa saa sita nzima, na katika utokaji wa damu saa sita ni umri mzima. Kanuni ni kuongeza daima sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Siku nazo zina hesabu yake. Kwa hesabu ya mwambao, siku mpya huanza jua linapotua. Bibi anayesema mjukuu wake ana homa "tangu usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaoikaribisha Ijumaa, yaani ule ambao muuguzi kijana aliyezoea kalenda ya ofisini ataandika kuwa ni Alhamisi usiku. Ana kwa ana angemuuliza. Kwenye ujumbe wa sauti hawezi, na kosa la siku moja katika homa ya mtoto hubadilisha uamuzi. Wanafunzi hufunzwa kuhesabu kurudi nyuma: "leo ni usiku wa tatu".

Zoezi la kupima haya ni rahisi. Mwanafunzi mmoja huacha ujumbe kutoka karatasi aliyopewa, na mwingine, katika chumba cha pili, huusikiliza mara moja tu na kuandika alichosikia. Kisha karatasi mbili huwekwa pamoja mezani mbele ya wote. Hakuna hotuba ya mkufunzi inayofundisha kuliko tofauti iliyopo baina ya karatasi hizo.

Kusikilizwa si kushughulikiwa

Nusu ya pili ya mafunzo ni ya mpokeaji, na hapa kifaa hufichua hatari isiyoonekana mpaka iguswe. Katika mifumo mingi, taa au mlio wa kuonyesha kuwa pana ujumbe mpya huzimika mara mtu wa kwanza anapousikiliza, na ujumbe wenyewe huhamishiwa miongoni mwa ile ya zamani. Mashine huchukulia kuwa kazi imekwisha. Lakini huenda aliyesikiliza ni mwanafunzi aliyekuwa akipita, au muuguzi aliyeitwa wodini kabla hajaandika hata neno. Anayekuja zamu ya pili anakuta taa imezimika na anaketi kwa amani.

Kwa hiyo kando ya simu huwekwa daftari. Kila ujumbe huandikwa saa ulipoingia, nani ameusikiliza, nini kimefanyika, na saa ngapi mpigaji alirudishiwa simu. Mstari haufungwi mpaka sauti ya mtu imefika kwa mtu. Anayerudisha simu husoma alichoandika, na mpigaji husema "ndivyo" au husahihisha. Akiwa ni mzee aliyempigia kwa ajili ya mjukuu, husema kwanza "Shikamoo bibi", kisha humsomea polepole. Heshima hiyo haipotezi muda, kwani bibi aliyetulia hueleza vizuri.

Daftari liwe pia na safu ya simu zilizoita bila ya ujumbe. Kwetu kubipu ni lugha: simu iliyokatwa baada ya mlio mmoja ina maana ya "nipigie, sina salio". Hospitali inayohesabu ujumbe tu huwa imewasikia wenye salio na kuwaacha wasionalo.

Mwisho huja mazoezi ya hitilafu. Mkufunzi hulijaza sanduku mpaka lisipokee tena, huchomoa waya wa simu ya 102, huzima umeme, kisha hukaa kimya na kuangalia. Mpigaji atafanya nini akiambiwa sanduku limejaa? Nambari ya pili ameiandika wapi? Nani ana wajibu wa kufuta ujumbe wa zamani, na nani anajua nambari ya siri ya kuufungulia, ili habari za wagonjwa zisiwe za kila mpita njia? Maswali haya, yakikosewa darasani, yanagharimu aibu ya dakika mbili.

Gharama ya vyombo hivi si kubwa, na ukumbi wake ni vyumba viwili vinavyopakana, viwe vya skuli ya uuguzi au vya hospitali ya wilaya. Kinachohitajika zaidi ni mchana mmoja ambao wakunga wa vituoni na wauguzi wa hospitali wataketi pande mbili za simu moja, kisha wabadilishane viti. Mkunga akikaa kwenye kiti cha hospitali na kushindwa kuuelewa ujumbe wa mwenzake, atajua la kusema siku itakapokuwa zamu yake. Naye muuguzi aliyeacha ujumbe akangoja mlio wa kurudishiwa usiolia hataiona tena taa iliyozimika kama ishara ya usalama.